Mashine Haikufa, Kadi Ndiyo Iliyougua

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, majira ambayo upepo wa Dodoma huchota vumbi la barabarani na kulimwaga sebuleni pasipo kubisha hodi, nilipita Miyuji kumwamkia mwalimu wangu wa shule ya msingi. Mama huyu amestaafu miaka kadhaa sasa. Kiinua mgongo chake alikitumia kumalizia nyumba, na chumba cha mbele kinachotazama barabara akakifanya duka dogo la steshenari. Humo mna madaftari na kalamu, mna mashine ya fotokopi, na juu ya meza kuna kompyuta mpakato moja ambayo ndiyo hasa inayoilisha nyumba ile.

Katikati ya mwaka ndiyo majira yake ya mavuno. Vijana waliomaliza kidato cha sita hufika kwake kujaza maombi ya vyuo, pamoja na maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo siku hizi hupokelewa kwa njia ya mtandao. Wengi wao wana simu, lakini kujaza fomu ndefu na kuambatisha vyeti kwa simu yenye kioo kilichopasuka ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

“Shikamoo, Mwalimu,” nilisema.

“Marahaba, mwanangu. Karibu, ila umenikuta msibani.”

Nilishtuka, nikageuka huku na huku kutafuta wafiwa. Mwalimu akanyoosha kidole mezani. Marehemu alikuwa kompyuta. Tangu Jumatano ilikuwa inawaka vizuri, inachapa barua vizuri, lakini mtandao haiuoni kabisa. Aliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akaitazama kwa dakika tano, akatoa hukumu kwamba bodi imekwisha na kwamba dawa ni kununua nyingine, tena kwa bahati yeye mwenyewe alikuwa nayo ya kuuza. Mwalimu alikuwa amekwisha kuwadokeza wenzake wa VICOBA kwamba wiki ile angeomba mkopo.

Katika muda niliokuwa nimeketi pale, vijana watatu walifika, wakauliza kama mtandao upo, wakajibiwa haupo, wakaenda zao. Kila mmoja aliondoka na riziki ya mwalimu wangu mfukoni. Nikamwomba anipe siku mbili kabla ya kukopa.

Ndugu msomaji, mimi si fundi wa kompyuta. Nilisomea kuandika habari. Lakini nimejifunza jambo moja ambalo ndilo ninalotaka kulisema leo: kompyuta si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa viungo, na kila kiungo kina jina lake, kazi yake na bei yake. Mtu akiambiwa kwamba mashine nzima imekufa, na asiulize ni kiungo gani kilichougua, huyo amekubali kuzika kabla ya kupima.

Woga wetu mbele ya mashine hii una historia. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta kuleta hasara na vurugu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na leo kompyuta zimejaa maofisini na majumbani. Hata hivyo wengi wetu tumezinunua bila kuthubutu kuuliza ndani yake mna nini. Tunazifuta vumbi kwa nje, na zikikohoa tunakimbilia kwa yeyote mwenye bisibisi.

Sasa tuitazame kadi ya mtandao. Hiki ni kijisahani chembamba ambacho kazi yake ni kuzungumza na kompyuta nyingine kwa niaba ya kompyuta yako, ama kwa waya, ama kwa mawimbi ya redio ambayo sote tunayaita waifai. Mwaka 1973, mwaka uleule ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, wataalamu wa maabara ya Xerox huko California, akiwamo Robert Metcalfe, walibuni njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya mmoja wakaiita Ethernet. Kanuni ya kimataifa ya kufanya hivyo kwa mawimbi ilitolewa mwaka 1997. Tangu hapo kadi zimekuwa zikipungua ukubwa na kuongezeka kasi.

Fikiri safari ya habari moja. Inapita chini ya bahari katika kebo kama ile ya SEACOM iliyoanza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Inapanda bara kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi Dodoma, inafika kwenye mnara, inaingia Miyuji, inapenya dirishani mwa Mwalimu. Imekwisha kusafiri maelfu ya kilometa. Halafu inakwama kwa sababu ya kijisahani kidogo kuliko biskuti! Je, ni haki kununua kompyuta nzima kwa ajili hiyo?

Tulianza na uchunguzi usiohitaji bisibisi. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba waifai haikuzimwa kwa bahati mbaya. Baadhi ya kompyuta zina swichi ndogo ubavuni, na nyingine zina kitufe juu ya kibodi chenye picha ya mnara au ya ndege. Mtoto akikigusa, mtandao unapotea, na mzazi anapelekwa kwa fundi kulipa ada ya ujinga. Kwa Mwalimu swichi ilikuwa salama.

Jambo la pili ni kufungua orodha ya vifaa, ambayo katika Windows huandikwa Device Manager, na kutazama sehemu ya Network adapters. Hapo majibu huwa ya aina tatu. Kadi ikionekana bila alama yoyote, basi huenda ni nzima, na ugonjwa uko kwenye ruta, kwenye neno la siri au kwenye bando. Ikionekana na alama ya pembetatu ya njano, au ikiorodheshwa kama kifaa kisichojulikana, mara nyingi kinachokosekana ni draiva, yaani ile programu inayoifundisha kompyuta namna ya kuiendesha kadi. Isipoonekana kabisa, ama imelegea katika tundu lake, ama imezimwa katika mipangilio ya msingi ya mashine, ama imekufa. Ya Mwalimu haikuonekana kabisa.

Kabla ya kufungua chochote tulitoa huduma ya kwanza. Tulichomeka simu ya Mwalimu kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji, tukaingia katika mipangilio ya simu na kuwasha sehemu iitwayo USB tethering. Katika muda mfupi kompyuta ikaitambua simu kana kwamba ni kadi ya mtandao ya waya, na ukurasa ukafunguka. Mwalimu akapiga kofi moja. Kijana aliyekuwa amekwisha kufika kona ya barabara akaitwa kwa sauti ya darasani, akarudi mbio. Basi hukumu ya fundi ikabatilika palepale, kwa maana bodi iliyokwisha isingeweza kufanya kazi ile.

Njia hiyo ingetosha kwa siku chache, lakini simu ya Mwalimu ndiyo inayopokea malipo ya wateja na salamu za wanawe. Haiwezi kufungwa kamba kwenye meza kutwa nzima. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, tukaifungua mashine.

Hapa naomba msomaji awe makini. Zima kompyuta kabisa, si kuilaza usingizi. Chomoa chaji. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kama imefichwa ndani, jambo la kwanza baada ya kuondoa mfuniko ni kuchomoa kiunganishi chake. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi au zaidi ili umeme uliobaki uishe. Skrubu zipange juu ya karatasi uliyochora umbo la mfuniko, kila moja mahali ilipotoka, kwa kuwa hazilingani urefu. Kuachanisha mfuniko tumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, wala usitumie kisu.

Kuna hatari moja ambayo sisi wa nyanda hizi kavu tunaifahamu bila kujua jina lake. Wakati wa kiangazi ukivua sweta la nailoni usiku utasikia vijicheche vikialika. Huo ni umeme tuli, na hewa inavyozidi kuwa kavu ndivyo unavyozidi kujikusanya mwilini. Cheche ambayo wewe huisikii kabisa inaweza kuua kifaa cha kompyuta. Kwa hiyo acha sweta na zulia, fanya kazi juu ya meza ya mbao, gusa mara kwa mara chuma kilichoshikana na ardhi kama vile nondo za dirisha, na kadi uishike kwa kingo zake tu. Aidha, fanya kazi hii ndani ya nyumba, madirisha yakiwa yamefungwa, maana vumbi letu halina subira.

Kadi ya Mwalimu tuliiona pembeni, imeshikwa na skrubu moja, na nyaya mbili nyembamba, mmoja mweusi na mwingine mweupe, zimebanwa juu yake. Nyaya hizo ni za antena, nazo hupanda hadi kwenye kioo. Tulizing’oa kwa ukucha kwa kuziinua wima, bila kuzivuta kwa ubavu. Ulipotoka skrubu, kadi ilijiinua yenyewe kwa mshazari, tukaichomoa. Tulifuta meno yake kwa kitambaa kikavu, tukairudisha, tukawasha mashine na kutazama orodha. Haikuonekana. Tukatazama pia katika mipangilio ya msingi, tukakuta haikuzimwa. Sasa ndipo tulipokuwa na haki ya kusema kwamba imekufa.

Kosa lililofuata ni langu mwenyewe. Jumatatu asubuhi nilikwenda mjini kununua kadi nikiwa na kichwa tu, ile ya zamani nimeiacha Miyuji. Nikapewa kadi iliyotolewa katika kompyuta nyingine, nikalipa, nikarudi kwa madaha. Haikuingia! Kadi za kompyuta nyingi za zamani zina upana wa milimita 30, ilhali zile za aina ya M.2, zilizoenea katika miaka ya karibuni, zina upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Nilikuwa nimenunua kiatu bila kuupima mguu. Mwalimu alinitazama kwa jicho lilelile la darasa la nne, akasema, “Mwanangu, mtihani unaanza kwa kusoma swali.”

Nilirudi na kadi ya zamani mfukoni, imefungwa katika karatasi. Safari hii nilikumbuka na mambo mengine ya kuuliza. Kuna kadi za Intel, kama vile AX201, zinazofanya kazi tu katika kompyuta zenye kichakato cha Intel kilichoandaliwa kwa ajili yake, wakati ndugu yake AX200, ambaye jina linatofautiana kwa tarakimu moja tu, hana masharti hayo. Kuna kompyuta za miaka ya nyuma, zikiwamo baadhi za Lenovo na HP, ambazo hukataa kuwaka zikiona kadi isiyo katika orodha ya mtengenezaji. Na kuna kompyuta mpya ambazo kadi yake imelehemewa kwenye ubao, haing’oki. Mwenye mashine ya namna hiyo asihangaike: anunue kadi ndogo ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB, ambayo haihitaji kufungua hata skrubu moja. Hali kadhalika, mwenye mashine iliyo bado katika dhamana asiifungue. Airudishe alikoinunua.

Kadi ya pili iliingia. Ina pengo dogo kati ya meno yake ambalo hulingana na kizuizi kilicho ndani ya tundu. Ukiona inagoma, usisukume. Tuliiingiza kwa mshazari, tukailaza, tukafunga skrubu, tukabana antena, tukarudisha betri. Bei yake haikuzidi ya kuku wawili wa kienyeji.

Tulipowasha, orodha ikaonyesha pembetatu ya njano. Kadi imeonekana, ila draiva haipo. Hapa wengi hukata tamaa, kwa sababu draiva hupatikana mtandaoni, na mtandao ndio usiokuwapo. Lakini tulikuwa na simu na waya wake. Katika maelezo ya kifaa kuna utambulisho wenye herufi VEN na DEV, kila moja ikifuatwa na alama nne. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek. DEV ni aina ya kadi. Kwa alama hizo tulipata draiva katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si katika tovuti za vichochoroni zinazogawa programu pamoja na virusi. Baada ya kuiweka na kuzima na kuwasha, majina ya mitandao ya majirani yakajipanga kwenye kioo. Tukachagua la Mwalimu, tukaandika neno la siri, mambo yakawa shwari.

Shwari ile ilidumu kwa muda tu. Mashine ilipata mtandao ikiwa karibu na ruta, lakini ikisogezwa hatua sita inaupoteza. Tukafungua tena. Waya mmoja wa antena haukuwa umebanwa sawasawa. Ulikuwa umekaa juu juu kama kofia ya mlevi. Tukaubana mpaka ukalia. Usikie mlio mdogo, ndipo uamini.

Yako mambo matatu ya mpangilio ambayo msomaji ataniambia ahsante. Mosi, ukiona kadi imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, tazama namba ya anwani iliyopewa kompyuta. Ikianza na 169.254, maana yake ruta haikuipa anwani. Zima ruta na kuiwasha tena, kisha jaribu. Pili, hakikisha tarehe na saa ya kompyuta ni sahihi, kwa kuwa tovuti za benki na za Serikali hukataliwa na kompyuta iliyopotea siku. Tatu, kama unatumia bando la kupima, iambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kupimwa, sehemu iandikwayo Metered connection. Usipofanya hivyo, itapakua nyongeza zake kwa siri na kumaliza bando la wiki nzima kabla ya chai ya saa nne.

Kwa mfanyakazi wa ofisini ninaongeza neno moja. Kila kadi ina utambulisho wake wa tarakimu na herufi kumi na mbili. Baadhi ya ofisi huruhusu katika mtandao wao kadi zilizoandikishwa tu. Ukibadili kadi, umebadili utambulisho. Mwarifu mtu wa kompyuta, usije ukadhani kadi mpya nayo ni mbovu.

Sisemi kwamba kila mtu achukue bisibisi. Mafundi waaminifu wapo wengi, nao wanastahili ujira wao. Sisemi pia kwamba yule fundi wa mjini alikuwa mwizi. Pengine alikuwa na haraka. Ninachosema ni kwamba mteja ana haki ya maswali matatu: Ni kifaa gani kilichoharibika? Umekijaribu kwa njia gani ukajua? Na ukikibadili, utanirudishia cha zamani? Fundi wa kweli huyajibu bila kukasirika.

Nilipopita Miyuji Jumamosi iliyofuata, vijana walikuwa wamepanga foleni hadi nje. Mwalimu hakuwa na nafasi ya mazungumzo. Alinionyesha tu daftari lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, jina la kompyuta, aina ya kadi mpya, upana wake, siku ilipofungwa na mahali draiva ilipohifadhiwa. Kadi iliyokufa alikuwa ameibandika kwa gundi chini yake.

“Mtoto ana kadi yake ya kliniki,” alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kibodi. “Na huyu naye sasa anayo. Safari nyingine akiugua, fundi atanikuta na cheti mkononi.”

Halafu akamgeukia kijana aliyefuata. “Haya mwanangu, jina lako kamili, kama lilivyo kwenye cheti.”